Kilembe: Kwa nini kuchemsha maji hakutoshi karibu na mgodi wa shaba

Mgodi wa shaba wa Kilembe, katika wilaya ya Kasese magharibi mwa Uganda, ulisimamisha uzalishaji mwaka 1982. Hata hivyo, maji yanayopita katika mashimo yake na katika marundo ya mabaki yake yanaendelea kuingia katika Mto Nyamwamba, na bonde la mto huo linakaliwa na watu wengi. Makala haya yanaeleza jinsi maji ya mgodini yanavyochafuka, yanavyosafishwa, na kwa nini lazima yatenganishwe na maji ya kunywa.

Mgodi ulioacha mabaki

Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1956, mwaka ambao reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Mwamba wenye shaba ulisagwa, kisha ukachenjuliwa kwa maji mengi ili shaba itenganishwe na udongo usiohitajika. Shaba ilisafirishwa, na zaidi ya tani milioni 15 za mabaki zikabaki bondeni, nyingine zikiwa kandokando ya mto.

Ndani ya mabaki hayo kuna pairiti, madini ya chuma na salfa ambayo huko Kilembe yana pia kobalti. Pairiti ikiwa imefunikwa chini ya ardhi haina madhara makubwa. Inapokutana na hewa na maji kwa pamoja, hutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha shaba, kobalti na nikeli kutoka kwenye mawe. Kila mvua inaponyesha, kazi hiyo huendelea bila kuhitaji mchimbaji hata mmoja.

Vipimo vilionyesha nini

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima maji ya chini ya mgodi pamoja na yale yanayochuruzika kutoka kwenye mabaki. Kwa wastani yalikuwa na mikrogramu 9,470 za shaba katika kila lita. Maji ya eneo hilo ambayo hayajachafuliwa yalikuwa na mikrogramu 1.9 tu. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 2,000.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2016, ulikuta kobalti ikizidi kikomo kilichotumiwa na watafiti katika asilimia 25 ya maji ya majumbani yaliyopimwa, na katika asilimia 40 ya sampuli za Mto Nyamwamba. Watafiti walieleza pia kwamba sehemu ya baadhi ya metali, kama chuma na alumini, hutokana na mmomonyoko wa kawaida wa miamba ya milimani.

Maji ya mgodi husafishwaje?

Njia iliyozoeleka ni kuua tindikali kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, kisha kwa chokaa yenyewe. Tindikali inapopungua, metali hugeuka kuwa chembe ngumu na kutuama chini ya bwawa kama tope. Chuma hutangulia kutoka. Shaba hufuata, na kobalti na nikeli huhitaji chokaa zaidi. Kwa hiyo maji yanaweza kuonekana meupe na maangavu huku yakiwa bado na kobalti.

Tope hilo nalo ni mzigo. Lisipohifadhiwa katika bwawa imara, mafuriko huweza kulirudisha mtoni. Maji yaliyosafishwa kwa njia hii yanafaa kurudishwa kiwandani kuchenjulia madini, au kuachiwa mtoni baada ya kupimwa. Hayafai kuingizwa moja kwa moja katika bomba la nyumbani.

Mjini Kasese, kampuni ya Kasese Cobalt ilianza mwaka 1999 kuchenjua rundo la pairiti lililoachwa na mgodi, ikitumia bakteria kutoa kobalti. Kazi hiyo iliondoa chanzo kimoja cha tindikali iliyokuwa ikichuruzika kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Mabaki yaliyo bondeni Kilembe hayakuwa sehemu ya rundo hilo.

Mafuriko huongeza hatari

Mei 2013, na tena Mei 2020, Mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu nyumba na miundombinu. Hospitali ya Kilembe nayo iliathirika. Mafuriko ya aina hiyo hukata mabomba ya maji safi, na wakati huohuo humega marundo ya mabaki. Siku ambayo familia inalazimika kuchota mtoni ndiyo siku ambayo mto umebeba uchafu mwingi zaidi.

Kilembe na Bwera: hatari mbili tofauti

Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, haiko chini ya bonde la Kilembe. Mto Nyamwamba huelekea Ziwa George, ilhali mito ya upande wa Bwera huelekea Ziwa Edward. Huko, kama kwingineko wilayani, tishio linalofahamika zaidi ni vijidudu. Mwaka 2015, kipindupindu kilichozuka katika wilaya ya Kasese kilihusishwa na maji yaliyochotwa ufukweni mwa ziwa. Dhidi ya vijidudu, kuchemsha maji au kutia klorini ni kinga ya kweli.

Dhidi ya metali, njia hizo hazisaidii. Moto huua vijidudu, lakini shaba na kobalti hubaki sufuriani. Klorini haiziondoi, wala kitambaa cha kuchujia hakizuii metali iliyokwisha kuyeyuka.

Mambo ya kuzingatia

Anayeishi karibu na mabaki ya mgodi anashauriwa kutumia maji ya bomba yanayopimwa, chemchemi iliyo juu ya eneo la mgodi, au maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi. Hayo nayo yachemshwe kabla ya kunywewa.

Kisima kipya kinapochimbwa, wanakijiji waombe kipimo cha metali kwa kutajwa, kwa sababu kipimo cha vijidudu pekee hakiwezi kuzionyesha. Ladha ya chuma mdomoni, au madoa ya kijani na ya kutu kwenye chombo, ni dalili ya kuacha maji hayo hadi yapimwe. Lakini maji yasiyo na ladha wala madoa hayawi salama kwa sababu hiyo tu.