Nani Aliyechagua Rangi za Ramani ya Geita?

Imezoeleka kusemwa kwamba kubadilisha mandhari ya programu ya kompyuta, yaani rangi zake, alama zake na ukubwa wa herufi zake, ni pambo la mtu asiye na kazi. Kauli hiyo ikitolewa kuhusu daftari la mauzo la duka, na ipite. Ikitolewa kuhusu ramani za mkanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, ni kosa, na kosa hilo lina mizizi ya zaidi ya miaka mia moja.

Habari za dhahabu yenyewe zinajulikana. Wajerumani waliiona Geita mwaka 1898; mgodi wa wakati wa Waingereza ulichimba kuanzia 1936 hadi 1966; mgodi mkubwa wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000. Chanzo ambacho waandishi wetu wa historia hukipita bila kukitazama kipo pembeni mwa ramani za kijiolojia za kipimo cha 1:125,000 zilizoandaliwa Dodoma. Ni ule ufunguo wa rangi: visanduku vidogo vinavyomweleza msomaji kwamba kijani ni mwamba huu na waridi ni mwamba ule. Kila kisanduku ni uamuzi wa mtu, na uamuzi huo ulikuwa na wapinzani.

Turudi Bologna, Italia, mwaka 1881. Wanajiolojia wa mataifa walikutana huko katika kongamano lao la pili, wakiwa na lengo la kuchora ramani moja ya Ulaya nzima. Walikubaliana kwamba rangi ifuate umri wa mwamba: zambarau kwa Triasi, buluu kwa Jurasi, kijani kwa Kretasia, njano kwa miamba ya baadaye. Miamba ya kale kabisa, ile iliyopikwa na kukunjwa chini ya mingine yote, ikapewa waridi. Kwao ulikuwa mpango wenye mantiki. Ulaya Magharibi ina tabaka nyingi za umri mbalimbali, na mtu akitazama ramani hiyo anaiona historia ya bara lake imepangwa kwa rangi.

Wamarekani hawakuufuata. John Wesley Powell, aliyeanza kuiongoza Idara ya Jiolojia ya nchi hiyo mwaka huohuo wa 1881, alitengeneza mpango wake kwa sababu aliona ule wa Ulaya hauwatoshi. Wapo waliomwita mkaidi. Mimi naona alikuwa na haki, na anayeijua ardhi ya Usukuma ataona hivyohivyo. Miamba ya Geita, Kahama na Nyarugusu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukiipaka kwa kanuni ya Bologna, mkanda wote wa dhahabu unageuka waridi tupu. Mwamba unaobeba dhahabu na mwamba usio na kitu inavaa nguo moja, na ramani inakuwa haimsaidii mtu yeyote. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwafrika hakuwa na kiti Bologna, na Mkutano wa Berlin wa kuligawa bara letu ulikuwa bado miaka mitatu mbele. Waliokaa pale walichagua rangi kwa kutazama mawe ya kwao.

Kinachofaa hapa ni kupaka rangi kwa aina ya mwamba. Ile miamba ya volkano iliyogeuka kijani kwa sababu ya madini ya kloraiti ibaki kijani. Graniti inayoizunguka iwe waridi au nyekundu. Miamba ya chuma yenye mistari, ambamo sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita imelala, ichorwe kwa mistari myeusi inayoonekana kwa mbali. Mchimbaji mdogo aliyewahi kuingia duarani, yaani shimoni, anaifahamu tofauti hiyo kwa mkono wake kabla ya kuiona kwenye karatasi.

Kompyuta ziliurithi ugomvi huo wa nani achague rangi. Skrini za mwanzo zilionyesha herufi angavu juu ya giza. Mwaka 1981, karne moja baada ya Bologna, Xerox ilitoa mashine ya Star yenye uso mweupe ulioiga karatasi ya ofisini, na programu za mezani zikafuata njia hiyo kwa miongo. Hapa kwetu, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ukathibitisha kwamba uso wa programu unaweza kusema Kiswahili. Maneno yalibadilika, rangi na alama zilibaki za wenyewe.

Kwa watu wa ramani, mlango ulifunguka kwa QGIS, programu huria iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, inayotumika kwenye Windows, Linux na Mac bila kulipiwa. Toleo la 3.0 la mwaka 2018 lilikuja na mandhari kadhaa, mojawapo ya giza. Mandhari hayo ni folda tu ya mafaili ya maandishi: moja linataja rangi, jingine linaeleza rangi ipi ikae kwenye kitufe, menyu au jedwali. Anayejua kuhariri maandishi anaweza kunakili folda hiyo, akabadilisha, akampa mwenzake mwenye mashine ya aina nyingine. Rangi za ramani yenyewe nazo huhifadhiwa katika faili lake. Na haja ipo: uso mweusi ni mzuri kwa zamu ya usiku, lakini ukiutoa juani Katoro saa saba mchana unaona sura yako badala ya ramani.

Si wote wanaoupenda uhuru huo. Mwaka 2019 baadhi ya watengenezaji wa programu za GNOME, mojawapo ya nyuso za Linux, waliandika barua ya wazi wakiwaomba wasambazaji wa Linux waache kubadilisha sura za programu zao, kwa sababu mandhari ya kigeni huvunja vitufe na kuficha maandishi. Malalamiko ya fundi nayaelewa, na barua ililenga wasambazaji, si mtumiaji wa kawaida. Hata hivyo fikra iliyo nyuma yake, kwamba mtengenezaji ndiye ajuaye sura inayofaa, ni fikra ya Bologna.

Naiomba Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania pale Dodoma, pamoja na vyuo vinavyofundisha madini, watoe bure faili la rangi za mkanda wa Geita na Shinyanga: ufunguo kwa Kiswahili, rangi kwa aina ya mwamba, na mandhari mawili ya programu, la juani na la usiku. Wanafunzi wanaojua kuliandika wapo, na wachimbaji wadogo wanaolihitaji wapo.