Gemu Ndogo, Vichwa Viwili

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 ikifuata shaba ya Kilembe. Mgodi haukuweza kwenda bila umeme, kwa hiyo mto Mubuku, unaoteremka kutoka milima ya Rwenzori, ukatiwa kazini. Mwaka 1982 uchimbaji wa shaba ulisimama, na baadaye treni nazo zikaacha kuja. Maji hayakusimama: tangu 2009 kituo cha Bugoye kwenye mto huohuo kina uwezo wa megawati 13. Kwa anayetaka kuunda gemu ya kompyuta Kasese au kule Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, umeme ndio hesabu ya kwanza kupigwa. Ya pili ni kupata mwenzake.

Wenzi wawili wa namna hiyo ndio walioanzisha aina nzima ya gemu. Karibu mwaka 1980, Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, waliandika gemu waliyoiita Rogue. Mashine walizotumia hazikuwa na picha, zilionyesha herufi tu. Basi mchezaji akawa alama ya @, na mazimwi 26 wakagawiwa herufi A hadi Z. Kero yao ilikuwa kwamba anayeunda gemu ya mafumbo hawezi kuifurahia mwenyewe, kwani majibu anayo tayari. Dawa yao ilikuwa kuiachia kompyuta ichore mapango mapya kila mara. Ukifa, umekufa: unaanza upya katika pango usilolijua, hata kama gemu umeiandika wewe.

Miaka ishirini na ushei baadaye ikaja desturi ya kuunda gemu kwa kukimbizana na saa. Shindano la Ludum Dare lilianza 2002. Mwaka 2005 mashabiki wa Rogue wakajiwekea siku 7 za kumaliza gemu ya aina hiyo, na 2009 likafuata Global Game Jam, lililokusanya watu katika nchi 23 kwa saa 48.

Afrika haikubaki nyuma. QCF Design ya Cape Town ilitoa Desktop Dungeons bure mwaka 2010, na mwaka uliofuata gemu hiyo ikatwaa tuzo ya ubunifu katika tamasha la gemu huru huko Marekani. Pango lake lote linaenea kwenye skrini moja, na raundi huisha kwa dakika kama kumi. Ujanja wake ni huu: kila unapofunua kigae chenye giza, afya yako inarudi kidogo. Giza ndilo akiba, na ukilifunua lote kabla ya pambano la mwisho, umekwisha. Ni chemshabongo iliyovaa nguo za vita.

Uganda nayo ina mfano wake, na ulianzia kwenye karata. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Kola Studios ya Kampala ilitia kwenye simu mchezo wa matatu (Mkenya asidhani ni gari). Kila mtu hupewa karata 7. Mbili humlazimisha mwenzako kuokota, ree hubadilisha aina, na saba ya aina iliyopangwa mwanzoni hukata mchezo, kisha pointi zinahesabiwa. Ukiutazama vizuri, nusu ya Rogue imo humo: karata zimechanganywa, hakuna kurudi nyuma, na kazi ni kujua lini ukate.

Lual Mayen, aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alianza na shida kubwa zaidi. Mama yake aliweka akiba ya dola 300 kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta, naye alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Mwaka 2018 gemu yake ya amani, Salaam, ilimpandisha jukwaani Los Angeles.

Vijana wawili wa Kasese hawahitaji kuazima mazimwi wa Santa Cruz. Mgodi wenye taa inayopungua kila hatua unatosha kuwa gemu, na hata msafara wa mizigo kuvuka mpaka wa Mpondwe, penye lugha na fedha mbili, unafaa. Waanze kwa penseli na karatasi, waijaribu na marafiki, ndipo wafungue kompyuta. Shindano la siku 7 hufanyika kila mwaka, na kujiunga ni bure.