KASWICHI KADOGO, HISTORIA NDEFU: OVADRAIVU ILIVYOTAKA KULA HELA YA BATI LA MAMA

Leo tunaacha kidogo ishu za mastaa na nani kamwacha nani. Leo ni historia, ila ni historia yenye grisi.

Iko hivi. Kuna mshkaji wangu mmoja, jina kapuni, yuko zake Sheffield kule Uingereza. Miaka yote ndoto yake ilikuwa moja: gari la michezo la kizamani, lile la wazi juu, viti viwili, usukani mwembamba. Mwaka jana akapata MGB ya 1972. Picha mlizipenda wenyewe, nyingine niliziweka hapa hapa.

Kwenye gari hilo kuna kaswichi kadogo karibu na usukani. Ukikabonyeza ukiwa gia ya nne, injini inatakiwa ipunguze kelele na gari liendelee kutembea kwa raha. Kwa mshkaji, unabonyeza, kimya. Akapeleka gereji moja. Jibu: "Giaboksi imekufa, tunashusha injini na giaboksi vyote pamoja." Bei ikawa karibu pauni elfu mbili. Na hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuezeka nyumba ya mama yake huku nyumbani. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia.

Akanipigia usiku, sauti imekata kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kusoma hiki kitu kinachoitwa ovadraivu, na nikajikuta siwezi kuacha.

Ilitoka wapi?

Turudi nyuma. Magari mengi ya Uingereza baada ya vita kuu ya pili yalikuwa na gia tatu au nne tu. Gia ya mwisho ilipangwa ili gari dogo liweze kupanda mlima. Ukikimbia sana injini inalia kama inataka kutoka kwenye boneti, inakula mafuta, inachoka mapema.

Marekani walishaliona hilo. Miaka ya 1930 kampuni ya Borg-Warner ilikuwa tayari inatengeneza ovadraivu zake. Uingereza alikuwepo mtu mmoja anaitwa Edgar de Normanville, injinia ambaye pia alikuwa mwandishi wa habari za magari. Yaani blogger wa enzi hizo, ila anayeshika spana! Yeye akabuni ya kwake, na kampuni ya Laycock ya hapo hapo Sheffield ikaitengeneza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Gari la Standard Vanguard linatajwa kati ya yale ya mwanzo kuifunga. Baadaye zikafuata Triumph, Austin-Healey, Jaguar, Aston Martin, MG, na Volvo za Sweden. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu, na zaidi ya milioni moja ya hizo zilienda kwenye Volvo peke yake.

Kilichoipaisha zaidi ni barabara. Mwaka 1959 Uingereza ilifungua kipande cha kwanza cha barabara kuu ya M1. Ghafla watu wanaweza kukanyaga mafuta saa nzima bila kusimama. MGB kwenye gia ya nne, kwa mwendo wa maili 70 kwa saa (kama kilomita 113), injini inazunguka karibu mara 3,900 kwa dakika. Washa ovadraivu, inashuka mpaka kama 3,200. Mwendo ule ule, ila mizunguko 700 umeiokoa kila dakika. Kwa safari ya saa tatu, piga hesabu mwenyewe.

Inafanyaje kazi?

Hapa msinikimbie, nitaongea kiswahili cha kijiweni.

Ovadraivu ni kaboksi kanakofungwa nyuma ya giaboksi. Ndani kuna gia moja ndogo katikati, gia nyingine zinaizunguka kama sayari zinavyolizunguka jua, na nje kuna pete kubwa yenye meno kwa ndani. Nguvu ya injini inaingia kwenye zile sayari, inatokea kwenye pete, halafu inaenda kwenye matairi.

Ovadraivu ikiwa imezimwa, springi zinasukuma klachi yenye umbo la koni ili vyote vizunguke pamoja. Unachoingiza ndicho unachotoa. Pia kuna kifaa kinachoshika upande mmoja tu, sawasawa na friwili ya baiskeli. Hiyo friwili ndiyo inayobeba nguvu ya kwenda mbele. Ile koni ndiyo inayosaidia kwenye rivasi na pale unapoachia mafuta ili injini ishike gari.

Ukibonyeza swichi, umeme unaenda kwenye solenoidi. Ni kisumaku cha umeme kinachovuta vali. Oili yenye presha kubwa inasukuma pistoni mbili, pistoni zinaishinda nguvu ya springi, koni inahama na kwenda kubana kwenye pete ya breki. Ile gia ya katikati inasimama kabisa. Sayari zinaikimbilia, na pete ya nje inalazimika kuzunguka haraka kuliko injini inavyosukuma. Hakuna kukanyaga klachi, hakuna kuhamisha gia. Kidole tu.

Sasa sikilizeni hili, ni la maana kuliko yote. Ovadraivu ikiwa imeshika, usirudi nyuma kamwe. Ukiingiza rivasi wakati ile gia ya katikati imebanwa, friwili nayo inakaza. Vitu viwili vinavutana na hakuna anayekubali kuachia. Kinachofuata ni mlio mmoja, na hapo ndipo giaboksi inakufa kweli. Kwa sababu hiyo kiwandani waliweka swichi nyingine juu ya giaboksi, inayoruhusu umeme kupita kwenye gia za juu tu. Kwa MGB ya 1972 ni gia ya tatu na ya nne.

Mzee wa mtaa wa pili

Nikamwambia mshkaji asilipe kwanza. Akauliza uliza mtaani, na kwa kuwa ni Sheffield, Mungu si Athumani, akaelekezwa kwa mzee mmoja mstaafu. Jina lake nalo kapuni, mwenyewe hapendi makuu. Mzee huyo ujana wake wote aliumaliza kiwandani akizifunga hizo ovadraivu kwa mikono yake. Hakuna aliyewahi kuandika habari zake popote. Magari yalipata majina, injinia alipata jina, yeye alipata pensheni na mgongo mbovu.

Alipofika hakushika spana. Aliuliza maswali: Iliacha ghafla au taratibu? Inagoma kuingia au inagoma kutoka? Rivasi inavuta vizuri?

Mshkaji akashangaa. Kumbe kila jibu lina mlango wake, na mzee alimfundisha hivi:

Ikigoma kabisa, kwa ghafla, anza na umeme. Waya na swichi hufa mara nyingi kuliko gia.

Ikiingia ila inateleza ukipanda mlima, presha ya oili ni ndogo au lainingi ya koni upande wa breki imeisha.

Ikiingia taratibu sana, angalia kiwango cha oili, filta, pampu, na oringi za pistoni.

Kama mbele inaenda vizuri ila rivasi inateleza, na ukiachia mafuta injini haishiki gari, tatizo ni koni upande wa pili au springi zake.

Ikigoma kutoka, simama. Gari lisisogezwe nyuma hata hatua moja mpaka uhakikishe imeachia.

Baada ya hapo akapima oili. Ovadraivu na giaboksi zinatumia oili moja, kwa hiyo ikipungua vyote vinaumia. Na si kila oili inafaa. Kwa MGB ya umri huo ni oili ya injini ya 20W-50. Kuna watu wanaongeza dawa za kulainisha wakidhani wanasaidia. Ile koni inahitaji kushika, ukiipaka utelezi unaiua mwenyewe.

Kisha akachukua taa ndogo ya kupimia. Ufunguo umewashwa, injini imezimwa, gia ya nne. Bonyeza swichi, sikiliza "tik" chini ya gari. Hakuna. Akafuata waya hatua kwa hatua. Kwenye swichi ya mkononi umeme upo. Kwenye swichi ya juu ya giaboksi unaingia. Kutoka pale kwenda kwenye solenoidi, giza.

Akaingia chini ya gari, akatoka na waya. Ulikuwa umebanwa kati ya giaboksi na chuma kinachoibeba, ganda limechubuka, ndani umekatika. Inaonekana kuna siku mtu aliishusha giaboksi, akairudisha, akaukalia waya. Waya mpya hela yake haifiki hata bei ya chips kuku.

"Tik."

Mshkaji anasema alitamani kulia.

Ila bado

Wakaenda kujaribu barabarani, kwa sababu pampu ya oili inasukumwa na shafti ya giaboksi. Gari likisimama hakuna presha, kwa hiyo gereji huwezi kupima kila kitu. Kilomita 80 kwa saa, gia ya nne, bonyeza. Ikaingia safi, injini ikatulia. Mshkaji anapiga kelele za furaha kama amefunga goli.

Kurudi, akazima swichi, akapunguza mwendo, akaingia kwenye uchochoro wa nyumbani, akashika gia ili arudi nyuma apaki. Mzee akaudaka mkono wake. "Subiri. Umesikia imeachia?"

Hakuwa amesikia. Umeme ulishakatika ila ovadraivu ilikuwa bado imeng'ang'ania. Vali ilikuwa na uchafu wa miaka mingi, presha haitoki. Wakakaa kimya, injini imezimwa, hakuna aliyegusa kitu. Mzee akashuka, akamwomba mshkaji asukume gari kwenda mbele kwa mkono likiwa frii, wasogee kidogo kidogo, na usiku ule gari likalala barabarani lilipo. Hawakuthubutu kulirudisha hata hatua moja.

Asubuhi yake wakaitoa solenoidi na vali yake kwa chini bila kushusha giaboksi. Wakaosha, wakabadilisha oringi, wakasafisha filta, wakamwaga oili nyeusi na kuweka mpya. Jaribio la pili: inaingia, inatoka, inaingia, inatoka. Ndipo mzee akaruhusu rivasi.

Sasa fikiria. Yale maneno ya gereji, "giaboksi imekufa", yalikuwa uongo jioni ile. Ila sekunde tatu kabla ya mkono wa mzee, yalikuwa yanaenda kuwa kweli.

Kwa nini tusimulie haya?

Miaka ya 1970 na 1980 giaboksi za gia tano zikazagaa. Gia ya tano ikaanza kufanya kazi ile ile bila solenoidi, bila pampu, bila kelele nyingi. Ovadraivu ikakosa soko, kazi ikaisha kiwandani, na watu waliojua kuisikiliza kwa masikio wakarudi majumbani. Vitabu vya ufundi vipo. Ila kitabu hakikudaki mkono.

Mimi niliishia kidato cha nne, fizikia tulikuwa tunakariri tu. Nimeelewa presha ya oili na nguvu ya springi kwa sababu ya mzee ambaye sijawahi kumwona. Na nimejifunza kwamba kabla hujakubali kitu kimekufa, fuata waya kwanza. Anza na kile cha bei rahisi, malizia na kile cha bei mbaya. Na ukishafanikiwa, usikimbilie rivasi.

Bati limeshapanda, wadau. Mama alinitumia picha, rangi ya bluu, na masika imemkuta ndani.

Mzee alikataa malipo. Alichoomba ni kuzungushwa mara moja kwenye M1, vioo vimeshushwa, na yeye mwenyewe ndiye abonyeze kaswichi.

Na wewe je? Unamjua fundi wa zamani mtaani kwenu, wa redio, cherehani au gari, ambaye kaokoa kitu chako wakati wengine wamesema kimekufa? Dondosha stori yako hapo chini. Majina tutayaweka kapuni, ila sifa zake tutazisoma.