Vituo Kumi na Vinne: Njia Iliyopimwa kwa Hatua

Hujaji wa karne ya 15 aliyetaka kufuata nyayo za Yesu mjini Yerusalemu alizifuata kinyume. Watawa Wafransisko walimchukua kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu, mahali pa kifo, wakateremka naye mitaani hadi palipodhaniwa kuwa nyumba ya Pilato, mahali pa hukumu. Padri Mwingereza William Wey, aliyehiji mwaka 1458 na tena 1462, ni miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kwamba mahali pa kusimama njiani paliitwa vituo. Orodha yake ina vituo 14, lakini Mkatoliki wa leo angetambua vitano tu. Vingine vilikuwa nyumba ya Herode, lango la mji, shule aliyosomea Bikira Maria, hata nyumba ya yule tajiri aliyemnyima Lazaro makombo. Tajiri huyo ni mtu wa mfano aliosimulia Yesu, lakini mjini alikuwa na nyumba, na mahujaji walionyeshwa.

Ukimsikia mtu akisema kwamba Njia ya Msalaba ni desturi iliyotoka Yerusalemu tangu enzi za Mitume, umkumbushe nyumba hiyo. Ibada hii inayofanyika kila Ijumaa ya Kwaresima ilichukua zaidi ya miaka elfu moja kupata umbo lake, na sehemu kubwa ya umbo hilo ilichongwa Ulaya, kwenye mimbari na kwenye vitabu vya sala, kisha ikarudishwa Yerusalemu na kubandikwa kwenye kuta za mji.

Mateso ya Yesu yenyewe yalihubiriwa pale pale yalipotokea tangu zamani. Mwanamke aitwaye Egeria, aliyefika Yerusalemu katika miaka ya 380, aliacha maelezo ya siku ile tunayoiita Ijumaa Kuu. Watu walikesha Mlima wa Mizeituni, wakashuka Gethsemane kwa mienge, wakaingia mjini alfajiri. Asubuhi askofu aliketi Golgota mbele ya meza yenye kitambaa, ameshika kwa mikono miwili kipande cha mti ulioaminiwa kuwa ni wa msalaba. Mashemasi walisimama kumzunguka kama askari. Waamini walipita mmojammoja, wakainama, wakagusisha paji la uso na macho, wakabusu. Kugusa kwa mkono kulikatazwa. Egeria anaeleza sababu ya ulinzi huo: inasemekana kuna siku mtu aliinama kana kwamba anabusu, akaung’ata mti na kuondoka na kipande mdomoni. Kisha, toka adhuhuri hadi saa tisa, ni masomo ya mateso matupu, na watu wakilia kwa sauti. Hakuna vituo 14 hapo. Hakuna Veronika, mwanamke wa mapokeo anayempangusa Yesu uso, wala kuanguka mara tatu.

Vituo vilizaliwa na umbali. Mwaka 1342 Papa Klementi VI aliwakabidhi Wafransisko ulinzi wa mahali patakatifu, nao wakawa wenyeji wa mahujaji kutoka Magharibi. Lakini safari ya baharini ilikuwa ghali na ya hatari, na wengi hawakuwa na uwezo wa kwenda. Waliobahatika kurudi walirudi na vipimo. Walihesabu hatua kutoka kwa Pilato hadi pale Simoni Mkirene aliposhikwa abebe msalaba, kutoka pale hadi Kalvari, ili nyumbani waijenge njia yenye urefu uleule.

Mfano mzuri kuliko yote uko Nuremberg, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba mkazi mmoja wa mji huo, Martin Ketzel, alipima njia yote Yerusalemu, akafika kwao akakuta karatasi ya vipimo imepotea, akafunga safari kwenda kupima upya. Iwe kweli au imetiwa chumvi, vipimo vilitumika. Kati ya mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa ile ya 16, mchongaji Adam Kraft alitengeneza nguzo za mawe zilizopangwa kando ya barabara inayoelekea makaburi ya Mtakatifu Yohane. Chini ya kila picha kuna maandishi yanayotaja hatua kutoka nyumba ya Pilato. Ya kwanza, Yesu anapokutana na mama yake, inasema hatua 200. Watu katika mawe hayo ni Wajerumani wa wakati wa Kraft kwa sura na mavazi, na Yesu yumo katikati yao akiinama, akisukumwa, akianguka. Mji ulipoingia Ulutheri mwaka 1525, mawe hayakung’olewa.

Nuremberg ndiko tunakoona jinsi kuanguka kulivyopata uzito. Injili nne hazisemi popote kwamba Yesu alianguka njiani. Lakini wahubiri wa Ujerumani na Uholanzi waliona kwamba mkulima aliyezoea mizigo anaelewa haraka zaidi goti linaloshindwa kubeba kuliko hoja ndefu ya teolojia. Wakahubiri juu ya maanguko saba. Baadaye manne yakamezwa na matukio mengine ya njiani, yakabaki matatu ambayo kila mtoto wa katekisimu anayajua leo. Kwa jicho la mwandishi huyu, huo ni ufundi wa mahubiri wa hali ya juu, hata kama si historia.

Hesabu ya vituo iliendelea kuyumba: saba hapa, kumi na tisa kule, thelathini na kitu kwingine. Mwaka 1584 padri Mholanzi Christian van Adrichem, aliyekuwa uhamishoni Cologne, alichapisha kitabu kuhusu Yerusalemu ya wakati wa Kristo, akitegemea maandishi ya waliomtangulia. Njia yake ina vituo 12, navyo ndivyo 12 vya kwanza vya leo, kwa mpangilio uleule. Kitabu kilitafsiriwa na kusambaa. Kichekesho cha historia ni kwamba miaka hiyohiyo, kwa mujibu wa msafiri Giovanni Zuallardo aliyeandika mwaka 1587, ndani ya Yerusalemu yenyewe watawala wa Kituruki hawakuruhusu mtu kusimama njiani, kuvua kofia wala kuonyesha dalili yoyote ya ibada. Aliyetaka kusali vituo kwa utulivu alikuwa na nafasi nzuri zaidi akiwa Ubelgiji.

Roma iliingia baadaye. Mwaka 1686 Papa Inosenti XI aliwaruhusu Wafransisko kuweka vituo katika makanisa yao, na kuvisali hapo kukapewa rehema sawa na za kwenda Yerusalemu. Mwaka 1726 rehema hizo zilipanuliwa kwa waamini wote. Mwaka 1731 Klementi XII akafunga hesabu: vituo ni 14, navyo vinaweza kuwekwa katika kanisa lolote. Kisheria kinachohitajika ni misalaba 14. Picha ni nyongeza.

Aliyeifanya sheria hiyo iwe maisha ya watu ni mhubiri Mfransisko, Leonardo wa Port Maurice. Alizunguka Italia akihubiri misheni za siku kadhaa mijini na vijijini, na kwa kawaida hakuondoka bila kuacha vituo vimesimama. Vinahesabiwa zaidi ya 570. Tarehe 27 Desemba 1750 alivisimamisha ndani ya Colosseum, uwanja wa kale wa mauaji jijini Roma. Viliondolewa mwaka 1874, uwanja ulipokuwa mikononi mwa taifa jipya la Italia na wachimbaji wa mambo ya kale.

Kwa hiyo mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, waliileta ibada iliyokwisha kukamilika. Kwa wakatekumeni wasiojua kusoma, picha zile zilikuwa somo la mateso tangu hukumu hadi kaburi. Leo Ijumaa Kuu huzitoa parokia barabarani: msalaba wa mbao unapokezanwa mabegani, kipaza sauti kimefungwa juu ya pikapu, bodaboda zinasubiri pembeni, na kijana aliyepewa nafasi ya Pilato ananawa mikono kwenye beseni la plastiki.

Yerusalemu nako mji umekubali njia hiyo. Kila Ijumaa alasiri Wafransisko huanza kwenye uwanja wa shule ya Waislamu ya Umariya, wakapita vituo tisa mitaani na kumalizia vitano ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, ambalo funguo zake ziko mikononi mwa familia za Kiislamu za Joudeh na Nuseibeh. Mahali pa baadhi ya vituo hivyo palipangwa karne ya 19. Karibu na mwanzo, katika nyumba ya Masista wa Sayuni, mgeni huonyeshwa sakafu ya mawe yenye michoro ya mchezo wa askari wa Kirumi, na wahubiri wengi wamejengea hapo mahubiri ya Yesu kudhihakiwa. Wachunguzi wa mambo ya kale wanaiweka sakafu hiyo katika karne ya 2, enzi ya Kaisari Hadriano. Wengi wao leo wanaona kwamba Pilato alihukumu katika jumba la Herode, upande wa magharibi karibu na Lango la Jafa. Ikiwa ni hivyo, njia ya kweli ilitokea upande mwingine kabisa wa mji.

Mwaka 1991 Papa Yohane Paulo II aliongoza pale Colosseum njia ya vituo 14 vilivyotoka katika Injili peke yake, kuanzia Gethsemane, bila Veronika na bila kuanguka hata mara moja. Parokia nyingi za Afrika Mashariki zinaendelea na orodha ya 1731. Na baadhi ya makanisa yameongeza kituo cha 15, cha Ufufuko, jambo linalopingwa na wanaosema kwamba furaha hiyo ina usiku wake, wa Jumamosi Kuu.