Sultan Hamud: Mji wa Maili 250 Unadai Wakazi Wake

Mwaka 1898 Sultani wa Unguja, Hamud bin Mohammed, alikuja bara kujionea reli ya Waingereza. Ujenzi ulikuwa umefika maili 250 kutoka Mombasa, katika nyika inayopakana na Ukambani upande mmoja na Umasaini upande wa pili. Mahali hapo pakapewa jina lake. Mwenyewe akarudi Unguja, jina likabaki, na mji ukaota kulizunguka. Leo wenyeji wanauita Sultan tu. Abiria wa basi la Mombasa akisema "nashukia Sultan", kondakta haulizi sultani yupi.

Reli ile ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, wachache wakabaki. Hao, pamoja na jamaa zao waliowafuata, ndio waliofungua maduka steshini kwa steshini. Hekalu la Masingasinga la Makindu, kwenye reli hiyo hiyo, lililojengwa mwaka 1926, lingali linamlisha mpita njia yeyote anayebisha hodi.

Tulitazame duka la Mhindi kwa makini, maana ndani yake mna fikra tuliyoitupa. Mbele kuna baraza ya saruji chini ya kipenu cha mabati, fundi cherehani ameketi kivulini. Milango ya mbao inakunjwa ubavuni asubuhi, na kaunta inaonekana kutoka barabarani. Nyuma ya duka vinafuata vyumba vya familia, halafu ua, jiko na tangi linalokinga maji ya mvua. Mwenye duka alilala pale pale alipouzia. Taa zake ziliwaka usiku, na mtaa ukawa na macho.

Kilichokosekana ni makao ya Mwafrika. Serikali ya kikoloni ilimhesabu kuwa mgeni mjini: mfanyakazi wa reli alitiwa katika landi, yaani makazi ya shirika la reli, chumba kimoja kwa familia nzima, na aliyeleta ng'ombe au mahindi sokoni alitarajiwa jua likitua awe njiani kurudi kwao. Kwa maoni yangu, tatizo la nyumba katika miji yetu midogo lilianzia hapo. Si kwamba ardhi ilipungua. Mwananchi hakuwekwa kwenye ramani ya mji.

Uhuru ulileta nafasi ya kulisahihisha kosa hilo. Sera ya kwanza ya taifa kuhusu nyumba ilitoka mwaka 1966, lakini nguvu nyingi zilielekezwa Nairobi na miji mikubwa. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na Wahindi wengi wakahama. Kote nchini maduka yao yakabadilisha mikono. Barabara kuu nayo ilipotiwa lami, biashara ilihama steshini ikaenda kando ya malori: loji, nyama choma, vioski, vyumba vya kupanga vilivyopangwa mstari mmoja na choo kimoja mwishoni. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ikazinduliwa, na abiria wa maeneo haya sasa hupandia Emali. Jina la Sultani halimo katika orodha ya vituo vya abiria.

Huko Unguja kwenyewe, katika mji alioishi Hamud, kuna funzo chungu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wakapewa watu wasio na uwezo wa kuzikarabati, na paa zikaanza kuporomoka. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji huo, na mwaka 2000 UNESCO ikautangaza kuwa urithi wa dunia. Hata hivyo, Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, ilianguka. Cheti cha urithi peke yake hakizuii mvua kupenya. Nyumba huponywa na mtu anayelala ndani yake, mwenye haki ya kukaa na fedha za kuziba paa.

Sisi tumezoea kukimbilia ardhi tupu. Konza, isiyo mbali na Sultan, ilizinduliwa Januari 2013 kuwa jiji jipya la teknolojia katika ekari 5,000. Sina ugomvi na Konza. Lakini tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mwalimu anayefundisha Kasikeu, jirani na Sultan, anakatwa kama karani wa Nairobi. Ana haki ya kuona sehemu ya fedha hiyo ikirudi karibu na darasa lake, tena si lazima iwe ghorofa kumi nje ya mji. Inaweza kuwa mkopo nafuu kwa mwenye ploti kuukuu, ajenge vyumba vinne vyenye maji na choo chake nyuma ya duka bila kuibomoa baraza yake. Inaweza kuwa nyumba za kupanga kwenye ardhi ya reli isiyotumika.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Sheria ya 2006 ya makumbusho na urithi inaruhusu majengo ya kale kutangazwa na kulindwa. Manispaa ya Emali na Sultan Hamud ipo tayari, na kaunti yake, Makueni, inasifika nchini kwa kuwashirikisha wananchi katika bajeti. Basi mkutano ujao wa bajeti utakapoitwa, wakazi wa Sultan wafike wakiwa na madai matatu: maduka ya kale yaorodheshwe moja moja, wenye ploti wasio na hati wapewe, na fungu la nyumba litengwe kwa mtaa wa zamani kabla ya shamba jipya kupimwa.