Maji ya Kunywa na Ugonjwa wa Figo: Kalunguta

Katika vijiji vya Kalunguta, kati ya Butembo na Beni, wengi huchota maji ya chemchemi na ya mto. Yakichemshwa hadi yatokote dakika 1 (dakika 3 kwenye milima inayopita mita 2,000), vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara hufa. Kuni zikikosekana, jua linafaa: maji yasiyo na tope, ndani ya chupa angavu ya plastiki, saa 6, siku 2 kukiwa na mawingu. Mtoto anayeharisha sana hukaukiwa, na figo zake zinaweza kusimama ghafula. Hapo maji safi huokoa figo.

Ugonjwa wa figo wa muda mrefu ni jambo jingine. Huletwa hasa na kisukari na shinikizo la damu. Diklofenaki ya sokoni, ikimezwa miezi na miezi, huuzidisha. Mwanzoni hauumi. Kuchemsha hakuondoi madini yenye sumu, wala maji hayaponyi figo zilizoharibika. Ndugu asiache vidonge vya shinikizo kwa sababu sasa anachemsha maji (hata mimbarani tumesikia ushauri huo). Aliyevimba miguu asihimizwe kunywa maji mengi: apelekwe kituo cha afya, apimwe damu, mkojo na shinikizo.