Ndagala wa Uvira: kutoka moto wa kuni hadi taa za betri

Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, alivuliwa kwa moto muda mrefu kabla ya taa ya kwanza kufika. Usiku wa giza mvuvi alikoka moto wa kuni kwenye omo ya mtumbwi, akangoja samaki wapande kuufuata mwanga, kisha akawachota kwa lusenga, wavu wenye umbo la faneli uliofungwa kwenye mti mrefu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira, ufuoni upande wa Kongo, Aprili 1858 walitaka kujua kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. (Unaingia, na wenyeji waliwaambia.) Watu wa ufuo walikuwa na swali lao la kila jioni: mwezi utachomoza saa ngapi? Mbalamwezi ikitanda, moto hauvuti samaki, na mitumbwi hubaki mchangani. Hivyo ziwa lilipata mapumziko kila mwezi bila amri ya serikali.

Miaka ya 1950 mambo yalibadilika haraka. Wabelgiji waliweka Uvira kituo cha IRSAC, taasisi yao ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, ambacho leo ni Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, na wataalamu wake wakamchunguza ndagala pamoja na mukeke, samaki anayemwinda. Ng'ambo ya ziwa, Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, Wagiriki walileta meli zenye nyavu za kuzungushia. Wavuvi wadogo nao hawakukaa wakitazama. Taa za mafuta zilichukua nafasi ya kuni, na mitumbwi miwili ikafungwa pamoja kwa miti, wavu ukateremshwa katikati na kuinuliwa ukiwa na samaki. Baadaye zikaja Apollo, mtindo ule ule lakini mkubwa zaidi na wenye taa nyingi zaidi. Sasa ni zamu ya betri na umeme wa jua.

Katika mashindano hayo walioshindwa ni wakubwa. Kufikia miaka ya 1990 meli za Wagiriki zilikuwa zinafifia, kwa kuwa meli inataka dizeli, bandari na samaki wengi kila usiku. Mtumbwi unaweza kuvutwa nchi kavu, ukangoja.

Na kungoja kumekuwa kwingi. Mei 1964 waasi wa Simba wakiongozwa na Gaston Soumialot waliiteka Uvira. Oktoba 1996 mji ukaangukia mikononi mwa AFDL, waasi wa Laurent-Désiré Kabila, na mwaka huo huo kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichokuwa kikiwapa kazi watu wa bonde la Rusizi, kikafungwa. Vita huja pia na marufuku ya kutoka usiku, na kwa mvuvi wa ndagala hiyo ni sawa na kumfungia duka. Amani kidogo ikirudi, wa kwanza kuonekana ufuoni ni akina mama: wananunua, wanaanika mchangani, wanapakia magunia kwenye malori yanayopanda Bukavu kupitia Kamanyola. Historia ya uvuvi huandikwa kwa majina ya nyavu. Mimi naona ingeandikwa vizuri zaidi kwa mikono ya hawa wanaokausha.

Maji nayo hayajawahi kutulia. Mwaka 1878 ziwa lilipanda mno hadi likafungua kwa nguvu njia yake ya kutokea, Mto Lukuga, kisha likashuka kwa mita kadhaa. Lilipanda tena 1964. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika ukabomoa maelfu ya nyumba Uvira, na mwaka 2021 na 2024 ziwa lenyewe likaingia majumbani. Mchanga ukizama, hakuna pa kuanika.

Haya yote watu wameyavumilia kwa kubadili zana au mahali. Tatizo la sasa ni la namna nyingine. Chakula cha ziwa kiko chini, kwenye maji mazito yasiyo na oksijeni, na upepo wa kusi wa miezi ya kiangazi ndio unaosaidia kukipandisha. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki kirahisi na ya chini. Utafiti wa 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea vya ziwani ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na samaki labda kwa asilimia 30. Mwingine wa 2016 ulionyesha kuwa kupungua huko kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara. Kwa hiyo kumlaumu mvuvi peke yake si haki, ingawa kila taa mpya imezidi kumulika ndagala wale wale.

Nchi nne za ziwa zimekubaliana kufunga uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka. Tanzania ilifunga upande wake tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Nia ni njema. Lakini kabla ya kufunga, wakuu wa Uvira waende kwenye mitaa ya ufuoni ya Kalundu na Kavimvira, wakae na wavuvi na akina mama wa ndagala, wakubaliane nao watoto watakula nini katika miezi hiyo na nani atalipa madeni ya nyavu.